Kikongwe wa Kwenye Bango: Wachawi wa Fasihi katika Vichekesho vya Televisheni vya Marekani

Hotuba kwa wapenzi wa fasihi

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, ndugu zangu mliofika jioni hii, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii, na nawashukuru zaidi kwa kutoicheka mada yangu mbele yangu. Najua wako walionong'ona kwamba mtu aliyealikwa kuzungumzia fasihi hana sababu ya kupoteza saa nzima kwenye vichekesho vya televisheni, tena vya zamani, tena vya Marekani. Kwa hiyo niseme mapema ninachokuja kukidai. Vichekesho vya wachawi vilivyotengenezwa Marekani katika miaka ya 1960 vilisomewa sana kabla ya kuandikwa, na chini ya kicheko chake mna lalamiko zito: wachawi wanaishtaki fasihi kwa sura mbaya iliyowachorea.

Chukueni usiku miwili tu. Alhamisi, tarehe 17 Septemba 1964, kituo cha ABC kilionyesha kwa mara ya kwanza Bewitched, mfululizo uliobuniwa na Sol Saks, ambao ulikuja kuendelea hadi Machi 1972 na kufikisha sehemu 254. Ni habari za Samantha, mchawi mrembo aliyeolewa na Darrin Stephens, mwanamume wa kawaida anayefanya kazi katika kampuni ya matangazo ya biashara. Bwana harusi anaambiwa ukweli baada ya ndoa kufungwa, naye anamtaka mkewe aache uchawi, apike kwa mikono na kufagia kwa ufagio. Usiku uliofuata, kituo hicho hicho kikaanza The Addams Family, na katika sehemu ya kwanza kabisa ofisa wa shule anakuja kuhimiza watoto wa ukoo huo wa ajabu wapelekwe darasani. Wanapelekwa, lakini hadithi za ndugu Grimm zinaleta msiba nyumbani, kwa sababu ndani yake shujaa anamuua joka. Wazazi wanahamaki. Joka lilikuwa limemkosea nani?

Mnaona jambo lenyewe. Katika usiku miwili iliyofuatana, watazamaji wa Marekani waliwekwa upande wa wale ambao hadithi za watoto huwaua kabla ya ukurasa wa mwisho.

Naomba tukae kidogo na Bewitched, maana ndiyo yenye utajiri. Hata katuni inayofungua kila sehemu imejaa ngano. Samantha anapita juu ya mji akiwa amepanda ufagio (wachawi wa kwetu, kama mjuavyo, husafiri kwa ungo), anachezesha pua na kujikuta jikoni, anageuka paka na kumrukia mumewe mikononi, kisha moshi mweusi unapanda kutoka kwenye kikaango na kuijaza skrini. Ufagio, paka, na chungu kinachofuka moshi: zana zote ambazo Ulaya ilimkabidhi mchawi kwa karne nyingi zimepangwa humo kwa muda usiofika dakika moja, na zote zimehamishiwa katika nyumba ya kitongoji yenye jiko la umeme. Hatuhitaji kuambiwa kwamba aliyeichora alijua alichokuwa anakifanya.

Kisha yako majina. Mama yake Samantha anaitwa Endora, na aliyesoma Agano la Kale hawezi kulipita jina hilo bila kusimama. Katika sura ya 28 ya Kitabu cha Kwanza cha Samweli, Mfalme Sauli, ambaye mwenyewe alikuwa amewafukuza waganga na wapiga ramli katika nchi, anajibadilisha mavazi na kumwendea usiku mwanamke mwenye pepo wa utambuzi huko Endori, amwinulie roho ya Samweli. Mwanamke anaogopa kwamba ametegwa, lakini anafanya anachoombwa, na Samweli anamtabiria mfalme kifo. Watu wengi husahau yanayofuata. Sauli anaanguka chini hana nguvu, hajala mchana kutwa na usiku kucha, na ni mwanamke huyo, ambaye kwa amri ya mfalme huyo huyo angeweza kuuawa, anayemchinjia ndama, anayekanda unga na kuoka mkate, na kumbembeleza ale. Mapokeo ya baadaye yalimfanya kuwa jitu la kutisha, lakini Biblia yenyewe inamwonyesha akimhudumia mgeni aliyekuwa adui yake.

Endora wa televisheni, aliyechezwa na Agnes Moorehead, binti wa mchungaji wa Kipresbiteri na mwigizaji aliyekuwa amefanya kazi na Orson Welles katika filamu ya Citizen Kane, hampikii mtu yeyote. Anatokea bila kubisha hodi, anaketi juu ya kabati kana kwamba ni kiti, na kwa miaka minane anakataa kulitamka vizuri jina la mkwewe. Leo atamwita Derwood, kesho jina jingine la kubuni. Mwingine atasema huyo ni mama mkwe wa kawaida wa vichekesho. Mimi naona zaidi ya hapo. Endora ndiye mhusika pekee anayekumbuka kwamba jamaa zake waliishi duniani kabla ya ndoa hii, kabla ya kitongoji hiki, kabla ya Marekani yenyewe, na kwamba binti yake ameombwa aisahau historia hiyo yote ili majirani wasishtuke. Waandishi hawakumruhusu ashinde hata mara moja kwa kudumu, kwa kuwa angeshinda mfululizo ungekwisha, lakini hoja zake hawakuwahi kuzijibu sawasawa. Kama ningepaswa kuchagua upande katika nyumba ile, ningekuwa upande wa Endora.

Mjukuu wake anaitwa Tabitha, na jina hilo pia ni la Biblia. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, Tabitha wa Yafa, mwanamke mwenye sadaka na matendo mema, anafufuliwa na Petro. Hivyo katika ukoo mmoja bibi ana jina la mji ambako aliyekufa aliinuliwa kwa pepo, na mjukuu ana jina la mwanamke aliyeinuliwa kwa maombi. Sitadai kwamba waliotoa majina hayo walikaa mezani na kulipanga hilo kwa makusudi. Nasema tu kwamba msomaji wa Biblia anayetazama hawezi kukosa kulisikia.

Baba yake Samantha ndiye anayetuleta kwa Shakespeare. Anaitwa Maurice, amevaa kama bwana wa tamthilia, anaingia akighani mistari ya jukwaani kama vile mtu mwingine angesema habari za asubuhi. Aliyemcheza, Maurice Evans, Mwingereza, alikuwa mmoja wa waigizaji mashuhuri wa Shakespeare nchini Marekani: alicheza Richard II huko New York mwaka 1937, akacheza Hamlet bila kupunguza maneno mwaka 1938, na akacheza Macbeth jukwaani mwaka 1941, kisha mara mbili kwa televisheni. Fikirini basi ukali wa mzaha huo. Mtu aliyekuwa amesimama mara nyingi mbele ya wale wachawi watatu wa nyikani, akidanganywa kwa maneno yao mpaka akapoteza taji na roho, sasa anaingia sebuleni kwa Darrin akiwa mchawi mwenyewe, tena mwenye nguvu kuwapita wote.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tunawafahamu wachawi wale, kwa kuwa S. S. Mushi alitutafsiria tamthilia hiyo kwa jina la Makbeth mwaka 1968, wakati Bewitched ikiwa bado inaonyeshwa kila wiki upande wa pili wa bahari. Tunakumbuka chungu chao na vitu wanavyotia ndani, jicho la mnyama huyu na kidole cha yule. Shakespeare aliiandika tamthilia hiyo karibu na mwaka 1606, chini ya Mfalme James, ambaye mwaka 1597 alikuwa ametoa kitabu chake mwenyewe cha kuthibitisha kwamba wachawi wapo na wanastahili kufa. Kwa hiyo orodha ile ya viungo haikutungwa kwa ajili ya kuchekesha; wasikilizaji wa kwanza walikuwa wakiishi katika nchi yenye sheria ya kuwanyonga watu kwa uchawi. Mfululizo wa televisheni unaichukua na kuigeuza kuwa cheti cha dawa. Daktari Bombay, mganga wa wachawi, anafika akiwa amevalia nguo za michezo, anataja viungo visivyopatikana duniani, anakosea dawa, na kuondoka akijicheka mwenyewe.

Mwaka 1967 ilionyeshwa sehemu inayoitwa The Crone of Cawdor, na Cawdor, kwa waliosahau, ndilo jimbo ambalo wachawi wanamwahidi Macbeth mwanzoni mwa tamthilia. Kikongwe wa sehemu hiyo ana sura ya msichana na anaunyonya ujana wa mwanamume kwa busu. Mwaka 1966 walikuwa wametoa nyingine iitwayo Oedipus Hex, ambayo haina chochote cha Sofokile, mtunzi wa tamthilia wa Ugiriki ya kale, isipokuwa jina. Kilichorogwa humo ni bakuli la bisi, na kila anayezionja hapendi tena kufanya kazi. Inanifurahisha kuona kwamba Mushi huyo huyo alitutafsiria pia tamthilia hiyo ya Sofokile, Mfalme Edipode, mwaka 1971. Wamarekani wale na Mushi walikuwa wakipekua rafu moja ya vitabu, kila mmoja kwa shughuli yake.

Sasa nifike kwenye lalamiko nililolitaja mwanzoni. Mwezi Oktoba 1964, siku chache kabla ya Halloween, sikukuu ya Wamarekani ya kuvaa mavazi ya kutisha, ilionyeshwa sehemu iitwayo The Witches Are Out. Shangazi watatu, Clara akiwa mmoja wao, wamekuja kumtembelea Samantha, nao wana uchungu kwa sababu msimu umefika ambapo kila duka linabandika picha ya ajuza mwenye pua iliyopinda, chunjua na meno yaliyong'oka. Jioni hiyo hiyo Darrin anarudi nyumbani na kazi ya mteja wake, mwenye kiwanda cha peremende, ambaye anataka alama ya bidhaa yake iwe ajuza huyo huyo, na mume anachora bila kufikiri. Mkewe anaiona picha.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu inayoufungua mfululizo wote. Kazi ya Darrin imechaguliwa kwa akili sana, kwani mtangazaji wa biashara ndiye mrithi wa mhubiri na mchora vitabu wa zamani katika shughuli ya kuwaambia watu wengine wanafananaje. Yule kikongwe wa kwenye bango ametoka mbali. Alipita katika vitabu vya majaji wa Ulaya, akapita katika nyumba ya peremende ya Hansel na Gretel iliyochapishwa na ndugu Grimm mwaka 1812, akavikwa ngozi ya kijani katika filamu ya The Wizard of Oz ya mwaka 1939, na sasa yuko kwenye meza ya kampuni ya matangazo akisubiri kuuza peremende tena. Shangazi hawaandiki barua kwa gazeti. Wanamwendea mteja usiku chumbani kwake mpaka anabadili mawazo.

Filamu hiyo ya Oz inanirudisha kidogo kwa The Addams Family. Margaret Hamilton, aliyekuwa yule mchawi wa kijani aliyewatisha watoto wa Marekani, aliitwa mwaka 1965 kumcheza mama yake Morticia, mke wa nyumba ile, na mama huyo anaitwa Hester Frump; jina la Hester katika fasihi ya Marekani ni la mwanamke wa riwaya ya Nathaniel Hawthorne aliyelazimishwa kuvaa herufi ya aibu kifuani. Binti mwingine wa Hester huyo ni Ophelia, aliyetolewa moja kwa moja katika Hamlet: anatembea na maua kama yule aliyezama mtoni, ila maua ya huyu yameota kichwani na mizizi imeshuka mwilini, ukiyavuta mguu unanyanyuka. Na yule mtoto anayeitwa Wednesday amepata jina lake katika wimbo wa watoto wa Kiingereza unaosema kwamba aliyezaliwa Jumatano amejaa huzuni. Vichekesho vilivyomfuata Samantha havikuwa vyote na kina hicho. I Dream of Jeannie ya mwaka 1965 ilimchukua jini wa kwenye chupa, ambaye sisi wa pwani tunamjua tangu Alfu Lela Ulela, ikamvalisha nguo za dansi na kumwacha amwite mwanamume bwana kwa miaka mitano. Naipita.

Paka ninapenda kumfuata, kwa sababu ukoo wake unaonekana wazi. Katika kesi ya Chelmsford nchini Uingereza mwaka 1566, wanawake walishtakiwa kwa kufuga paka aliyeitwa Sathan, na mmoja wao, Agnes Waterhouse, alinyongwa. Katika Macbeth mchawi wa kwanza anaitwa na Graymalkin, ambaye ni paka. Katika miaka ya 1640 msaka wachawi Matthew Hopkins aliandika juu ya viumbe wa wachawi waliotajwa katika ungamo la mchawi mmoja, na miongoni mwa majina yao ni Pyewacket. Jina hilo likaja kupewa paka wa tamthilia ya John Van Druten, Bell, Book and Candle, ya mwaka 1950, inayomhusu mchawi wa New York anayepoteza nguvu zake anapopenda. Tamthilia hiyo, pamoja na filamu ya I Married a Witch ya mwaka 1942, ndizo zilizomtangulia Samantha. Mwishoni mwa msururu huo, mwaka 1996, katika Sabrina the Teenage Witch, yuko paka mweusi anayesema, mwenye ulafi na kejeli, aliyekuwa mwanamume mchawi akaadhibiwa kwa kutaka kuitawala dunia. Anaitwa Salem.

Na Salem, ndugu zangu, si jina la kuchezewa hivi hivi. Mwaka 1692, katika mji huo wa Massachusetts, watu 19 walinyongwa kwa kosa la uchawi na mzee Giles Corey akakandamizwa kwa mawe mpaka akafa. Hakuna hata mmoja aliyechomwa moto, ingawa filamu nyingi husema hivyo. Sheria ya Kiingereza ilinyonga. Mmoja wa mahakimu aliitwa John Hathorne, na mmoja wa wazao wake, Nathaniel Hawthorne huyo huyo, anayesemekana kuongeza herufi katika jina la ukoo ili ajitenge naye, aliandika mwaka 1851 riwaya ya The House of the Seven Gables. Ndani yake mtu maskini ananyongwa kwa uchawi kwa sababu tajiri anakitaka kiwanja chake, na akiwa chini ya kitanzi anamlaani tajiri huyo kwamba Mungu atamnywesha damu. Maneno hayo Hawthorne hakuyabuni. Ni mwangwi wa yale ambayo Sarah Good, mmoja wa walionyongwa, alimwambia mchungaji mwaka ule. Mwanamke mzee anayeishi baadaye katika nyumba iliyojengwa kwenye kiwanja hicho anaitwa Hepzibah.

Katika kiangazi cha 1970 watengenezaji wa Bewitched waliondoka studio na kwenda kupiga picha Salem kwenyewe. Kisa ni mkutano mkuu wa wachawi, na mkuu wao anaitwa, bila shaka, Hepzibah. Wanaitembelea nyumba ile ya Hawthorne, ambako sufuria ya kale yenye mpini mrefu, iliyokuwa ikitiwa makaa ili kupasha moto kitanda, inamfuata Samantha mpaka anashukiwa kuiiba. Kumbe ni mwanamume aliyegeuzwa na Serena, binamu yake, karne nyingi zilizopita. Huo ni mzaha mwepesi na sina la kuongeza. Lakini katika sehemu nyingine ya safari hiyo Samantha anarudishwa karne ya 17 na kushtakiwa, na hapo anawaambia mahakimu wazi kwamba mchawi wa kweli minyororo yao isingemweza, kwa hiyo wale waliowaua walikuwa binadamu wa kawaida kama wao, wasio na hatia.

Hoja hiyo ni nzuri na ina ufa. Ni nzuri kwa kuwa inawarudishia heshima waliokufa. Ina ufa kwa kuwa anayeitoa ni mchawi, katika hadithi ambamo wachawi wapo kweli na wana mkutano mkuu mjini humo. Anayetaka kuamini kwamba mahakimu waliwafuata watu wasiofaa, na kwamba wanaofaa walitoroka, amepewa ruhusa. Kwa msikilizaji anayetoka nchi ambako vikongwe wameuawa kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, ufa huo si jambo dogo la kiufundi. Siwalaumu waandishi kwa kuchekesha. Ninasema kwamba walipotoka katika fasihi na kuingia katika kumbukumbu za mahakama, chombo walichokuwa nacho kilikuwa chepesi kuliko mzigo.

Ndiyo maana naona walifanya vizuri zaidi walipobaki ndani ya kitabu. Mwaka 1971, katika msimu wa mwisho, Tabitha anasoma kisa cha Hansel na Gretel, anawaonea huruma kwa njaa yao, na anawaleta nyumbani kula, huku yeye mwenyewe akiingia hadithini kuchukua nafasi yao, mpaka mama yake analazimika kumfuata huko na kukutana uso kwa uso na mchawi wa peremende. Samantha hapo anazungumza na ile picha ambayo shangazi zake waliilalamikia mwaka 1964. Safari hii haiko mezani kwa mumewe. Ina sauti na inajibu.

Mwaka 2005 mji wa Salem ulikubali kuwekewa sanamu ya shaba ya Samantha akiwa juu ya ufagio, katika bustani ndogo ya Lappin, karibu na barabara iliposimama mahakama ya 1692. Wako wakazi waliopinga, wakisema ni kejeli kwa walionyongwa, na wako waliofurahi kwa kuwa watalii huleta fedha. Nikiulizwa, niko pamoja na waliopinga mahali, si waliopinga sanamu: Samantha anastahili kukumbukwa mjini humo, lakini barabara ile ni ya Sarah Good na wenzake. Ndugu Mwenyekiti, najua wako wanaoliona tofauti hata humu ndani, na nafasi iliyobaki ni yao.